Maji ya Kabla

Kazini walimwita Bwana Chupa, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kukasirika. Alikuwa mpimaji wa maji katika maabara ya serikali: chumba kimoja chembamba, sinki lenye kutu na jokofu lililokoroma kama mlevi. Mzaha ulikuwa ule ule kila asubuhi. "Bwana Chupa, bahari umeimaliza au umetubakizia?"

"Nimewabakizia ya kunawa uso," naye hujibu.

Mwaka ule kampuni moja ilipewa kibali cha kuchimba mafuta baharini, mbele ya mwamba ambako dada yake mkubwa alikuwa akiokota chaza tangu ujana. Serikali iliweka sharti: maji yapimwe kabla uchimbaji haujaanza, ili siku yakichafuka yalinganishwe na yale ya kabla.

"Kwa hiyo wakichafua mtajua?" dada yake aliuliza.

"Tutajua, dada. Nitayachota kwa mkono wangu."

"Haya, mdogo wangu. Mimi macho yangu ni wewe."

Alhamisi alichota chupa kumi na mbili za kioo cha kahawia, akaziandika tarehe, akazipanga ndani ya jokofu. Mtungi wa gesi ya mashine ya kupimia ungeletwa Jumatatu. Ijumaa jioni alimwachia mlinzi ufunguo, kama alivyozoea, akaenda zake nyumbani.

Jumamosi ilifanyika sherehe ya kuzindua uchimbaji, hapo hapo ofisini. Wageni walikuwa wengi, na soda zikazidi friji ya jikoni. Jumatatu Bwana Chupa alipofungua jokofu lake alikuta kreti mbili za soda na kipande cha keki. Chupa zake zilikuwa dirishani, zimepangwa kwa uangalifu kama vyungu vya maua, zimeota jua siku mbili.

Alikwenda kwa mkuu wake na chupa moja mkononi, ameibeba kama kifaranga kilichokufa.

"Bosi, haya maji yameharibika."

"Maji ya chumvi yanaharibika vipi, mzee? Mbona samaki wanakaa humo na hawalalamiki?"

Katibu muhtasi alicheka mpaka akafuta machozi.

"Yanataka baridi na giza. Yakishapata joto, kipimo hakiaminiki tena."

"Basi kachote mengine. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwa na boti ya serikali."

"Mtambo umeanza tangu juzi, bosi. Hayo yatakuwa maji ya baada."

Mkuu akaacha mzaha. "Bahari nzima ile, kwa siku mbili? Andika Alhamisi. Au nikamwambie waziri tumekwamishwa na kreti za soda? Ataniuliza nani alikuwa na ufunguo. Nimjibu nini?"

Alichota siku hiyo hiyo, na mashine ikamwambia alichokiogopa: mafuta yalikuwa yameshaingia. Alikaa na fomu mpaka chai ya saa kumi ikapoa. Ilibaki miaka miwili astaafu. Akaandika Alhamisi, akatia sahihi yake yenye mkia mrefu, ile ile aliyokuwa akiitia kwenye fomu za shule za watoto wa dada yake tangu baba yao alipofariki.

Miezi saba ikapita. Dada yake akaja na ndoo, akaitua mlangoni. "Nusa."

Chaza walinuka kama utambi wa taa. Wanunuzi walikuwa wameshaanza kumpita bila salamu. Bwana Chupa hakuhitaji mashine, lakini alipima, kisha akamwandikia dada yake barua ya malalamiko kwa serikali.

Serikali, kusema kweli, haikuchelewa. Kamati iliundwa, waokota chaza wakaitwa ukumbini, majibu yakasomwa: mafuta yameongezeka kidogo tu kuliko hali ya awali, hivyo uchimbaji uendelee. Jedwali la hali ya awali likapitishwa mkono kwa mkono. Dada yake hakuzielewa takwimu, ila ule mkia wa sahihi aliujua.

"Huu si mkono wako?" alimuuliza kwa sauti ndogo.

Bwana Chupa akasimama. Aliyasema yote: ufunguo, soda, dirisha, na Alhamisi iliyokuwa Jumatatu. Mwenyekiti, mama mpole mwenye miwani, aliandika kila neno. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Mzee wangu, unasema ulidanganya ulipoandika. Sasa kamati ijuaje kwamba hudanganyi unaposema? Na huyu uliyekaa naye si dada yako?"

Mkuu wake alikuwa akiyatazama mapangaboi. Dada yake alimwangalia yeye, akingoja, kama alivyokuwa akingoja daima asomewe kilichoandikwa.

Kitu pekee ambacho kingemsemea kilikuwa maji ya Alhamisi, hata kama yalikuwa yameharibika. Nayo alikuwa ameyamwaga mwenyewe Jumatatu ile kwenye lile sinki, chupa moja moja, ili apate za kuchotea mengine.