Wageni Wachague

Chungwa likimenywa ndani ya chumba chenye joto, harufu yake hufika kabla ya chungwa lenyewe. Jumapili moja ya Januari, hapa kwetu Kensington-Bailey mjini Buffalo, theluji ilikuwa imepanda hadi kwenye kizingiti cha dirisha, na jikoni binti yangu Furaha alikuwa akikoroga sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mjukuu wangu Elie alikuwa amekaa chini, karibu na miguu yangu, akimenya chungwa bila kuliangalia kwa sababu macho yake yote yalikuwa kwenye televisheni. Ganda likapasuka, maji yake makali yakanirukia shavuni. Hapo hapo nikawa mtoto wa Mulongwe, kule Uvira, nimesimama uwanjani peku, ladha ya chungwa mdomoni, na ninaulizwa swali ambalo nililijibu vibaya.

Swali lenyewe nitalifikia. Kwanza niwaeleze tulichokuwa tukitazama, maana ndicho kilichonirudisha huko.

Mpira wa Wamarekani huchezwa kwa mikono kuliko miguu, na miaka yangu ya kwanza hapa niliuona kama ugomvi wa watu waliovaa magodoro. Elie ndiye aliyenifundisha. Sasa ninaupenda, na naweza kubishana juu yake na kijana yeyote wa kanisani kwetu. Siku ile timu yetu ya Buffalo haikuwa uwanjani. Ilikuwa imeshinda jana yake, ikabaki kusubiri kujua itakutana na nani. Katika mechi za mchujo, ukishindwa mara moja umekwisha, na aliyefanya vizuri zaidi mwaka mzima ndiye anayemkaribisha mwenzake kwake. Kwa hiyo wale wa jezi za kijani wakishinda, mechi ijayo ingechezwa hapa kwetu. Wakishinda wale wa jezi nyekundu, timu yetu ingesafiri mbali.

"Koko, leo tunawapenda wa kijani," Elie aliniambia. Wajukuu wangu huniita Koko, kama sisi tulivyowaita babu zetu. Yeye husema Kiingereza, mimi humjibu Kiswahili, na hatujawahi kukosana kwa sababu hiyo.

"Si juzi tu uliwaita wezi?"

"Ni wezi. Lakini leo ni wezi wetu."

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuwapenda wezi hao. Mwanangu Bahati anaishi Louisville, anafanya kazi katika ghala la vifurushi, na hajawahi kulala katika nyumba yangu ya Buffalo hata mara moja. Wiki ile alikuwa amesema kwamba mechi ikija huku, atawapakia watoto wake garini waje, hata kama ni kusimama nje ya uwanja na kusikia kelele tu. Basi niliwashangilia wa kijani kama mtu anayeombea mvua. Bahati mwenyewe alikuwa nasi kwa simu, tumemwegemeza kwenye mkebe wa sukari, uso wake umejaa kioo.

Mechi ikafika mwisho wakiwa sawa. Muda wa nyongeza. Manahodha wakaja katikati ya uwanja, mwamuzi akarusha sarafu, ikaangukia upande wa kijani. Nahodha wao akaulizwa anachagua nini. Akasema watapiga mpira, yaani wenzao ndio waupokee kwanza.

"Ati nini?" Furaha alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Amegawa mpira? Ni mwenda wazimu?"

"Elie, ameutoa?" Bahati akauliza kutoka kwenye mkebe wa sukari, akichanganya na Kifaransa chake cha shule. "Donc ameutoa bure?"

"Tulieni," Elie akasema, kama mwalimu. Akatueleza kwamba sheria imebadilika, kwamba siku hizi katika mchujo kila timu lazima ipate zamu yake, na anayekuwa wa pili anajua tayari anadaiwa pointi ngapi. Kisha akaongeza jambo ambalo kwake lilikuwa dogo. "Hata hivyo, Koko, si yeye aliyeamua. Waliongea wote na kocha kabla ya mechi. Yeye anapeleka tu neno lao."

Nilimwambia arudie. Akarudia, akiwa na chungwa mdomoni.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Uvira.

Mwaka ule parokia yetu iliandaa mashindano ya watoto wa mitaa, na washindi wangepandishwa lori kwenda Bukavu kucheza na watoto wa huko. Mimi nilikuwa nahodha wa Mulongwe. Sikuwa mchezaji bora, ila nilikuwa na sauti kubwa, na mpira ulikuwa wa kaka yangu. Golikipa wetu aliitwa Musafiri, tukamcheka sana kwa jina hilo kwa sababu hakuwa amewahi kusafiri popote. Baba yake alikuwa seremala Bukavu. Alikuwa ameondoka wakati Musafiri bado ana meno ya utoto. Sasa Musafiri alikuwa ameota ya ukubwa, yamejipanga ovyo, na aliogopa kwamba baba yake hatamtambua. Kwa siku nyingi alilaza kaptula yake ya kaki chini ya mkeka aliolalia, ili inyooke kwa safari. Mtaa mzima ulijua hivi: tukishinda, Musafiri atamwona baba yake. Tukishindwa, mama yake hakuwa na njia nyingine ya kumpeleka.

Kabla ya hapo tulikuwa tumewashangilia watoto wa Kalundu, wale wa bandarini, walipocheza na mtaa mwingine. Hatukuwapenda. Walikuwa wakitutupia mawe tukienda kuoga ziwani. Lakini tulikuwa tumeambiwa kwamba Kalundu wakishinda, watatufuata uwanjani kwetu. Tukaimba wimbo wao mpaka sauti zikakauka. Wakashinda, wakaja, na kwa sababu walikuja kwetu tukawaita wageni. Wakati wa mapumziko mama zetu waliwapa machungwa yaliyo makubwa, sisi tukala madogo.

Mechi ikaisha tukiwa sawa. Mwamuzi wetu alikuwa mwalimu wa katekisimu, mtu mwembamba mwenye filimbi ya bati, na sheria yake ilikuwa fupi: tunaongeza muda, na bao la kwanza linamaliza kazi. Ilikuwa alasiri, saa ambayo upepo wa ziwa huanza kupiga kuelekea milimani. Kila mtoto wa Uvira anaujua upepo huo. Timu inayocheza ikiwa imelipa ziwa mgongo hupiga mpira mmoja, na upepo huupiga mara ya pili.

Mwalimu akarusha sarafu. Nikashinda. Akainama kidogo akaniuliza, "Nahodha, unachagua nini?"

Nilitazama kando ya uwanja. Mama zetu walikuwa wamejipanga huko na vitenge vyao, na mama yangu katikati yao. Nyumbani kwetu hakuna aliyegusa sahani kabla ya mgeni. Kama kulikuwa na samaki, mgeni ndiye aliyechagua kipande, hata akichukua kichwa, ambacho baba alikipenda kuliko vitu vyote. Nilipandisha sauti yangu ile kubwa, wote wasikie.

"Wageni wachague!"

Mama zetu wakapiga vigelegele. Nawaambieni ukweli, sijawahi tena kujiona mkubwa kama nilivyojiona saa ile. Nahodha wa Kalundu, kitoto kifupi chenye kitambaa gotini, alinitazama kama mtu anayeletewa koti la mwenzake wakati wa mvua. Hakusita.

"Upande wa ziwa," akasema.

Haikuchukua muda. Mmoja wao aliupiga mpira kutoka katikati ya uwanja, mpira ambao siku nyingine ungefia njiani. Upepo ukaubeba. Musafiri alirudi nyuma, akaruka, vidole vyake vikaugusa, ukapita. Filimbi ya bati ikalia.

Alikaa pale golini akiondoa mchanga kwenye kaptula ya kaki, taratibu, kama bado atasafiri nayo. Nilimwendea. Nilikuwa na maneno ya kumwambia: kwamba alichelewa kuruka. Ndiyo, nilimwambia hivyo.

Hakubishana kuhusu kuruka. "Uliniuliza?" akasema.

"Lakini ni wageni, Musafiri."

"Mimi ndiye nilikuwa golini. Uliniuliza mimi?"

Lori liliondoka na watoto wa Kalundu, wanaimba wimbo ambao sisi pia tuliujua. Baadaye baba yake Musafiri alihama Bukavu akaenda kutafuta kazi mbali zaidi. Walipoonana, Musafiri alikuwa tayari ananyoa ndevu, na walisalimiana kwa mkono kama watu wa ofisini. Alinisimulia mwenyewe, bila uchungu, na huo ukosefu wa uchungu ulinilemea zaidi.

Mtoto hujifunza upesi, na mara nyingi hujifunza kitu kingine. Mimi nilidhani kosa langu lilikuwa upepo. Nikajiapia kwamba sitauacha tena upite, na nikawa mwanamume wa kuchagua haraka, kwa niaba ya wote. Miaka mingi baadaye tulifikishwa Marekani, mjini Louisville, na baada ya muda Bahati alikuwa kijana wa shule, ana marafiki, ana timu, ana mwalimu anayemwita kwa jina lake zima. Nikasikia kwamba Columbus kuna kazi nzuri zaidi. Nikatangaza mezani: tunahama. Kule Columbus nikasikia kwamba Buffalo mtu wa kawaida anaweza kupata nyumba. Nikatangaza tena. Na kila mara nilichagua vizuri! Kazi zilikuwepo, nyumba tukapata, wala sitajifanya kwamba haikuwa hivyo. Ila binti yangu wa pili, Neema, alibaki Hilliard, pembeni ya Columbus, akaolewa huko, na Bahati, hata kabla hatujahamia Buffalo, alirudi Louisville mara tu alipoweza kujilipia chumba. Aliondoka asubuhi, akaniaga kwa heshima, akafunga mlango polepole. Mimi nikawaambia watu kanisani kwamba vijana wa siku hizi hawaoni mbali.

Nilimlaumu kama nilivyomlaumu golikipa. Ilinibidi nizeeke, nikae mbele ya televisheni, nimsikie mtoto anayetafuna chungwa akisema kwamba nahodha hupeleka neno la wenzake, ndipo nikaelewa nilichoulizwa uwanjani kule Mulongwe. Ningeweza kuchagua upepo na bado nikakosea. Ningeweza kuwaachia wageni na nisiwe na lawama, kama ningekuwa nimerudi kwanza hatua chache golini na kumwuliza yule mwenye safari. Nilikuwa mkarimu kwa kitu cha Musafiri. Baadaye nikawa hodari kwa maisha ya Bahati.

Wa kijani walishindwa. Wekundu walipokea mpira, wakaenda nao hadi mwisho, wakapata pointi zao. Wa kijani walipopewa zamu, walikuwa wanajua hasa wanachohitaji, kama Elie alivyosema, na wakakikosa. Mlinzi mmoja wa wekundu aliudaka mpira wao hewani, kwisha. Elie akalala kifudifudi kwenye zulia. Furaha akasema yeye alijua tangu mwanzo, akarudi kwenye sufuria yake.

"Bon, papa," Bahati akasema. "Donc haitakuwa huko."

"Haitakuwa huku."

"Ni vile. Itakuwa mara ingine."

Nilijua ile "mara ingine" ina umri gani. Na ulimi wangu ulikuwa tayari na sentensi yake ya siku zote: njoo tu, nimeshasema, nitakungoja Jumamosi. Nikaufunga mdomo mpaka sentensi hiyo ikapita.

"Bahati," nikasema, "mimi nataka tuonane. Wewe unaona ingekuwa vizuri wapi? Huku, huko kwako, ama mahali pengine? Ama bado hutaki? Niambie unavyotaka wewe."

Furaha alichungulia kutoka jikoni, mwiko hewani, akinitazama kama nimepata homa.

"Papa, uko muzima?"

"Niko mzima."

"Mh." Alikuna kidevu, akageuza uso pembeni. "Acha nizungumze na watu wangu kwanza. Usikate."

Aliiweka simu juu ya kitu, nikabaki natazama dari lao la Louisville. Nikamsikia akimwita mke wake. Kisha akawaita watoto, mmoja mmoja, kwa majina, hata yule mdogo ambaye bado anavaa viatu kinyume, akawauliza kwa Kiingereza wangependa kuonana na Koko wapi. Kila mmoja akapewa nafasi ya kusema. Mkubwa alitaka Buffalo kwa ajili ya theluji. Mama yao akasema barabara ni ndefu na zamu yake ya kazi haibadiliki. Mdogo akapiga kelele kwamba anataka kwa shangazi Neema, kwa sababu shangazi Neema ana trampolini ya kurukaruka.

Sikujua mwanangu amejifunza wapi kufanya hivyo. Kwangu hakukuona. Nilikaa nikisikiliza familia ikiamua bila sauti yangu, na sikuona kwamba nimepungukiwa na kitu.

Uso wake ukarudi kwenye kioo.

"Papa, wanasema Columbus. Ni katikati. Sisi tunapanda, ninyi munashuka. Kama munaweza."

Nilifungua mdomo kusema tunaweza, kisha nikamgeukia Furaha, ambaye ndiye anayeendesha gari.