Jini Aliyeacha Kashata

Kila Alhamisi tunapopeleka watoto kupimwa uzito kliniki ya Kilindoni, bibi mmoja wa Kirongwe hutusimulia, pale benchini, kipande cha hadithi ya jini aliyemfungia binti wa mfalme pangoni. Jini huyo hupenda kashata, na asipoletewa, hadithi haisogei. Basi tunamletea bibi.

Juzi nilibeba kashata zangu, nikitaka sana kujua kama binti atafunguliwa. Bibi akazisukuma kwa kidole. "Siku hizi jini anataka mkate wa kumimina, ule wa mchele."

"Ametubu," akasema mama mmoja wa kijiji cha Kanga. "Kashata ni moyo mgumu, mkate ni moyo laini. Atamwachia mtoto wa watu."

"Thubutu," akajibu shoga yake. "Ameoa, anapikiwa."

Wakabishana mpaka mimi, nisiyezoea kusema mbele za watu, nikauliza, "Bibi, hasa maana yake nini?"

Bibi akafungua kinywa. Dresa wa kliniki alikuwa amemng'oa meno mawili ya mwisho.

Ninyi mnaotafuta maana ya hadithi, mtazameni kwanza msimulizi mdomoni. Mimi nimeroweka mchele, kwani binti bado yumo pangoni.