Shimo la Mlimani Huku Maore

Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni.

Niliangalia kwenye simu ya mama, ndiyo maana najua. Tulikuwa uani, mimi na Bibi, tunageuza mpunga uliolowa kwenye turubai. Bibi alinisogezea kikombe cha uji kwa mara ya pili, nikasema nimeshiba.

"Umeshiba nini, Namkunda? Tangu asubuhi sijaona hata maji yakipita kooni kwako."

Nikaendelea kugeuza mpunga. Naandika hapa daftarini kwa sababu hapa hakuna anayenitazama. Tangu mafuriko ya Jumanne choo chetu kimezama. Sakafu imelala upande na shimo limejaa mpaka juu. Mimi na mama tunakwenda nyuma ya mashamba kabla hakujapambazuka au giza likishaingia, kwa hiyo mchana sinywi kitu. Baba amepafunika kwa mabati mawili na majani ya migomba, akasema tusitangaze. Ni mzee wa kanisa, anaona aibu. Jumatatu anachimba kingine papo hapo, kirefu zaidi. Na chini kidogo ya pale, hatua kama hamsini, ndipo kilipo kisima wanachochota majirani. Sisi tumeacha kuchota, tunakwenda bombani kule barabarani. Wao hawajaambiwa.

Bibi alinitazama, kisha akatazama yale mabati. Akapindua ndoo, akaikalia. Naandika alivyosema, nisije nikasahau.

Mwanangu, kuna siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka nasikia harufu yake. Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu. Nilishuka kutoka Gonja juu nikaja hapa kwa babu yako, kufuata mpunga. Na nilikuwa na maringo! Sisi wa mlimani tulijiona tunajua usafi kuliko watu wote wa tambarare. Kwetu choo kilipimwa kwa mtu. Mwanamume anashuka shimoni, ananyoosha mikono juu, vidole vikionekana mnaendelea kuchimba. Baba yangu alichimba hivyo, na babu yangu. Nikamwambia babu yako, mimi siwezi kukaa kwenye mji wenye choo kifupi. Maskini, alinipenda, akachukua sululu.

Shimo lilipomfika kifuani, maji yakaanza kutoka chini. Maji masafi kabisa, ya baridi. Mtu mwenye akili angesimama. Sisi tukashusha ndoo, tukawa tunayachota ili tuendelee kuchimba! Usicheke. Haya, cheka.

Jirani yetu, Bibi Namsifu, mzee aliyezaliwa huku huku chini, akapita na kuni kichwani. Akasimama, akachungulia.

"Mnachimba choo au kisima?"

"Choo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huku chini maji yanakaa karibu, mjukuu wangu. Choo cha huku kinapanda, hakishuki."

Alipoondoka nilicheka mpaka nikakaa chini. Choo cha kupanda! Nikasema hawa watu wanataka kujisaidia darini kama njiwa. Tukamaliza shimo letu, nikawaita wanawake waje kuliona. Walichungulia mmoja mmoja, wakasifu.

Masika yakaja, mto ukavunja kingo. Maji yalikaa uani siku tatu. Yalipoondoka nikakuta shimo langu limetapika. Mwanangu, nilisimama pale nikaanza kuwafikiria wale wanawake niliowaita. Kisima, ambacho nilikuwa nakiona kwa macho yangu pale chini, hata hakikunijia. Nikakata majani ya migomba nikafunika, nikamwaga na majivu juu yake. Babu yako aliporudi nikamwambia kimelowa kidogo tu. Mimi nikawa nachota maji mbali, kwa kisingizio kwamba napenda kutembea. Majirani wakaendelea na kisima.

Wiki ya pili mjukuu wa Bibi Namsifu akaanza kuhara. Nakiete. Alikuwa na miaka mitatu, alizoea kuja kwangu kuomba ukoko wa wali. Barabara ilikuwa imekatika, wakampandisha Gonja hospitalini kwa machela, wanaume wakipokezana begani. Hakushuka hai.

Sijui kama ni shimo langu. Vyoo vingi vilizama mwaka ule, na ng'ombe nao walikunywa pale pale. Hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo mpaka leo bado najibu.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kwa Bibi Namsifu, nikapiga magoti jikoni kwake, nikasema yote. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Kisha akasema, "Kuchimba vibaya nakusamehe, ulikuwa mgeni. Yale majani siwezi kukusamehe leo. Kesho njoo na jembe."

Nikaenda. Akanionyesha kichuguu kilichokufa, upande wa bondeni, mbali na kisima. Akaitisha msaragambo, ule wito wa kazi ya pamoja ambao sisi Wapare hatuukatai. Lakini mwitaji alinifanya mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba, na kila mlango nilieleza kwa mdomo wangu kwa nini tunaitana. Wengine walinipa kiti. Mmoja alinifungia mlango, na alikuwa na haki yake.

Walikuja. Tukabeba mawe ya mtoni na milingoti ya mkonge. Tukachimba shimo fupi, la kiunoni tu, juu ya kichuguu, tukalizungushia mawe, tukainua ukuta wake mpaka juu ya alama ya mafuriko, na ngazi tatu za kupandia. Mchwa tuliodhani wamekufa wakarudi wakala mlango, tukaning'iniza gunia! Mvua zilizofuata maji yalipita chini, choo kikabaki kikavu. Kikijaa unafukia kwa majivu na udongo, unahamia pembeni. Tukawajengea na mjane mmoja na mzee mmoja kipofu, ambao wasingeweza kujijengea wenyewe. Ile ndiyo miaka niliyoipenda hapa Maore. Tulikuwa tunaimba tukibeba mawe, mwanangu, nyimbo za Chasu, lugha yetu, na Bibi Namsifu anaimba kuliko wote, na mimi simwangalii usoni.

Kisha ikaja miaka ya ukame. Vyoo vile vya kupanda vikabomoka, watu wakasahau. Baba yako akachimba hiki mlichozoea, kirefu, kama cha wajomba zake wa mlimani. Nilimwambia mara moja, akakataa, nikanyamaza. Na hilo nalo liandike kwangu.

Basi nakwambia waziwazi. Ukihamia mahali, waulize waliokutangulia maji yanapita wapi kabla hujainua jembe. Choo chako kikiharibika, mwambie anayekunywa maji chini yako kabla hujaweka hata jani moja. Na asiye na nguvu ya kujenga msimwachie aibu yake peke yake, mkambebee mawe. Aibu ya kusema ni ya siku moja tu. Ile ya kunyamaza nimezeeka nayo. Mungu akulainishie ulimi, akupe majirani wanaosikia, na hawa watoto wanaokunywa kisimani akuonyeshe siku wanapokuzidi kimo.

Bibi alipomaliza aliinuka, akaendelea kugeuza mpunga. Nikamuuliza kwa nini asiwaambie majirani yeye mwenyewe, mimi siwezi kusema mbele ya watu, hata darasani siwezi. Akasema, "Baba yako ni mwanangu, habari ya kichuguu nitamwambia leo. Kisimani magoti haya hayafiki."

Jumapili. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kisimani. Nilimkuta Mama Mbazi, na Mama Nakijwa na wanawe wawili.

"Shikamooni."

"Marahaba. Eh! Binti wa mzee wa kanisa!" Mama Mbazi akacheka. "Tulidhani mmeshakuwa watu wa bomba, maji yetu yanawakwaruza."

Mama Nakijwa akamwambia aniache. Nilitazama kamba. Nilitaka kurudi.

"Msinywe maji haya," nikasema. "Choo chetu kimezama. Tumefunika."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

Mama Mbazi hakucheka tena. "Tangu Jumanne mnatutazama tunachota?"

"Ndiyo."

Mama Nakijwa akamnyang'anya mwanawe kikombe, akamwaga, akamwaga na ndoo. Kisha akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Na changu kimeanguka ukuta mzima. Nilidhani ni mimi tu." Mama Mbazi akamgeukia, "Hata wewe?" Nikawaambia habari ya kichuguu, nilivyoweza, nikichanganya mwanzo na mwisho.

"Kamwambie baba yako asichimbe," Mama Mbazi akasema. Alikuwa bado na hasira. "Tukitoka kanisani sote tunakuja kwenu."

Nikapanda nyumbani. Baba alikuwa mlangoni anafunga tai. Nikamwambia nilichosema, na nilikokisema, na kwamba wanakuja. Akaifungua tai, akaenda kwenye yale mabati, akaondoa la kwanza.