Siku Mwalimu Muhigirwa Alipoomba Msamaha

Miaka kumi na tisa Muhigirwa alifundisha shule ya msingi ya Nyakarenzo, Rwanda, kwa mtindo mmoja: somo lilelile kwa wote, aliyeshika ameshika, aliyekosa shauri yake. Watoto wa darasa la tatu walimwogopa kuliko mvua ya mawe.

Mwaka 1983 aliletewa Feza, binti wa mama mchuuzi aliyehamia kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Zaire. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kubabaisha, na mwandiko wake haukusomeka. Kwa hiyo, siku ya jaribio la hesabu, Feza alipopata maswali yote manane bila kuonyesha njia yoyote, Muhigirwa hakuuliza kitu.

"Umeiba kwa mwenzako," alisema mbele ya wote, akaichana karatasi.

Feza aliinamisha kichwa. Aliyesimama ni jirani yake wa benchi, Mukamazimpaka, kinara wa darasa.

"Mwalimu, mimi nimepata sita."

Muhigirwa akatazama karatasi yake. Sita, kweli.

"Feza, ulifanyaje?"

"Ninahesabu mu kichwa, Mwalimu. Kwa Kiswahili. Maman ananitumaka ku soko kila siku."

Muhigirwa alirudi nyumbani hana hamu ya chakula. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya watoto, kofia mkononi.

"Jana nilimsingizia mwenzenu. Nilikosea. Feza, unisamehe."

Watoto walitazamana. Hawakuwahi kusikia mwalimu akisema hivyo.

"Haina neno, Mwalimu," Feza alinong'ona.

Tangu hapo Muhigirwa alianza kumuuliza kila mtoto amefikaje kwenye jibu. Waliokwama aliwapa maharage ya kuhesabia. Waliotangulia aliwapa maswali magumu zaidi. Wengine walijibu kwa mdomo kwanza, kisha wakaandika. Feza na Mukamazimpaka walifundishana, huyu herufi, yule hesabu za kichwa. Makelele yalizidi, mkaguzi wa shule akanung'unika, na wiki nyingine mipango yote ilivurugika. Hata hivyo, mwisho wa mwaka Feza alisoma ukurasa mzima kwa sauti, polepole, bila kusaidiwa.

Siku moja wakati wa mapumziko Mukamurenzi, msichana mkimya wa benchi la nyuma, alimjia peke yake.

"Mwalimu, ule mtungi wa maji wa darasa uliovunjika leo asubuhi, ni mimi niliuvunja."

Hakuna aliyekuwa amemwona. Muhigirwa akachukua ufagio, wakaenda kuokota vigae pamoja.