Ganzi ya Peniamina

Kijijini kwetu, katika kisiwa cha Savai'i, mtu akitaka kucheka alikuwa anamtafuta binamu yangu Peniamina. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za maboti pale gatini Salelologa, lakini kila sikukuu yeye ndiye aliyetuandikia michezo ya vichekesho, ile ambamo wanaume huvaa magauni na kuwasema wakubwa bila woga. Mimi, Iakopo, kwa mwili huu mnene nilionao, siku zote nilipewa sehemu ya mwanamke mkali.

Januari mama yake akafariki. Peniamina alisimamia msiba wote: nani alete nguruwe, nani apokee mikeka, wageni wa mjini Apia walale wapi. Hakudondosha chozi, tukamsifu kuwa mwanamume kweli. Wiki zilipopita tukaona tuliharakisha kumsifu. Alikula majani ya magimbi ya tui kama mtu anayetafuna karatasi. Ukimtania anajibu, "Ndiyo," basi.

Mwezi wa nne tukaombwa mchezo wa kufungulia ukumbi mpya wa kina mama. Aliandika siku tatu. Mkewe Malaea akatusomea sisi waigizaji, tumekunja miguu mkekani. Ukurasa wa tatu akaliweka daftari chini.

"Mume wangu, huu ni mchezo au ni kumbukumbu za kikao?"

"Mchezo."

"Pa kucheka ni wapi?"

"Hapo mwanamke anapoanguka. Nimeandika 'watu wanacheka'."

"Kwa hiyo umewaamuru."

Tukaangua kicheko. Peniamina akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta kitu alichoangusha.

"Sijui tena kinachochekesha," akasema. "Hata kinachouma sikijui. Si mnajua mguu unavyoingia ganzi ukiukalia muda mrefu? Ndivyo nilivyo humu kifuani. Nikiandika, ni mkono tu unaotembea."

Kesho yake nilimpeleka yeye na Malaea kwa Vaelei, muuguzi wa zahanati yetu. Mimi nilikaa nje, lakini dirisha lilikuwa wazi na masikio yangu sina pa kuyaweka.

"Si wazimu," Vaelei alimwambia, "wala si kwamba hukumpenda mama. Ulibeba msiba wa ukoo mzima, mwili ukajifunga ili usianguke. Sasa haujui kwamba umeshatua mzigo."

"Dawa yake?"

"Kula, lala, oga baharini asubuhi, usijitenge na watu. Kila Ijumaa uje hapa tumzungumzie mama yako. Na kwenye daftari, acha kuandika hisia usizokuwa nazo. Andika ulichoona, ulichosikia, ulichonusa. Mistari kumi, halafu funga."

"Na kama sihisi kitu?"

"Andika kwamba huhisi kitu. Huo nao ni ukweli." Akageukia dirishani. "Iakopo, ingia ndani basi, utavunjika shingo hapo."

Peniamina akafuata, ingawa kwa uso wa mtu anayemeza mwarobaini. Asubuhi mimi na yeye tukawa tunaoga baharini, mimi nikilalamika maji ni baridi, yeye akizama na kuibuka. Mistari yake ya kwanza ilikuwa mikavu kama dagaa: *Jumatatu. Mvua. Mashine ya boti la buluu haiwaki. Sihisi kitu.* Wiki ya tatu akaandika kwamba kakao ya Malaea ilinukia moshi. Malaea aliponionyesha mstari ule alitabasamu, maana kwa miezi mitatu mumewe hakuwa amesikia harufu yoyote.

Kisha akaandika juu ya nguruwe wa mchungaji wa kanisa letu, aliyekuwa ameingia tena katika magimbi yao. Chini yake akanakili, neno kwa neno, jinsi marehemu mama alivyokuwa akimwambia mnyama yule. Mchezo wetu ukazaliwa humo: mama mmoja, nguruwe mmoja, na mchungaji anayepita njia akijifanya hakuona.

Siku ya mazoezi nilivaa gauni la maua, nikashika kandambili, nikamkabili mwenzetu Ropati, aliyecheza nguruwe, amepiga magoti akikoroma. Nikasema kwa sauti nyembamba ya shangazi yangu, yule marehemu:

"Mwambie bwana wako sadaka nilishatoa Jumapili. Magimbi haya hayakuahidiwa kanisa."

Peniamina alitoa sauti kama mashine inayokataa kuwaka. Ikaja ya pili, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. Katikati ya kicheko kile machozi yakaanza, akalia kwa kwikwi, ameinamia magoti, Malaea amemshika mgongo. Ropati bado alikuwa amepiga magoti.

"Binamu," nikamuuliza, "nimeharibu kiasi hicho?"

"Kandambili," akasema huku akijifuta pua. "Mama alikuwa anaishika kwa mkono wa kushoto."

Nikahamisha, tukarudia tangu mwanzo.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulicheka mpaka mchungaji mwenyewe akaomba maji. Siwezi kusema Peniamina alipona siku ile. Ziko asubuhi ambazo ganzi humrudia, akaandika *Sihisi kitu* na kwenda zake kazini. Ila sasa haimtishi, na Ijumaa bado anapita kwa Vaelei. Juzi kaniletea mchezo mpya: eti kuna mwanamume mnene anayesikiliza madirishani. Nimemwambia sehemu hiyo ampe Ropati.