Almasi ya Mama Mwenye Ploti

Mama mwenye ploti niliyopanga chumba Kawangware alikuwa mjane, na aliyemchumbia alikuwa mzee mwenye bucha. Mama alimwambia wazi hataki mbuzi wala blanketi. Vyote alikuwa navyo. Alitaka almasi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyemshonea nguo, aliamini najua rangi, akaniburuta pamoja nao hadi mjini kwa sonara.

Sonara alitutolea mawe mawili. Yalimeta sawasawa. Mzee akaziangalia zile taa za dari kwa jicho baya.

"Hayo mawe tutayaonea nje," akasema. "Mimi nauza nyama chini ya balbu nyekundu. Najua kazi ya taa."

"Nje tutaenda, mzee. Ngoja kwanza." Sonara akakunja karatasi nyeupe, akayalaza mawe kichwa chini, akatuambia tuyatazame kwa ubavu. Loo! Moja lilikuwa kama maji. La pili lilikuwa na umanjano, kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili.

"Rangi tunaipima kwa herufi," sonara akaeleza. "D haina rangi kabisa. Kadiri unavyoshuka kuelekea Z, umanjano unazidi na bei inapungua."

Kisha akayaingiza kwenye kisanduku chenye taa ya zambarau. Lile jeupe halikujali. Lile la chai likawaka buluu kama moto wa stovu.

Mzee akaruka nyuma. "Hilo ni gonjwa!"

"Si gonjwa, ni tabia yake. Juani, ule ubuluu unaficha umanjano, jiwe linaonekana jeupe zaidi. Ila mengine huwaka kupita kiasi, yakawa na ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa. Twende sasa mlangoni mkague."

Tulikagua. Ukungu haukuwapo. Mama akalichagua lile la chai litiwe kwenye pete, hakutaka tena hata kuliona lile jeupe.

Shida ilianza kwenye kwaya yake ya kanisani. Mama aliwasimulia wenzake kwamba pete yake ina moto ndani, nao wakataka kuuona. Taa ya namna ile Kawangware ilikuwa moja tu, katika baa iliyopiga disko. Basi Jumamosi mchana, baada ya mazoezi, kwaya nzima ikaingia baa na magauni yake meupe, mzee wa bucha akiwa mbele, nami nyuma. Mhudumu alifunga mapazia bila kuuliza neno, akawasha.

Pete iliwaka. Lakini nani angeiona? Magauni yaliyofuliwa kwa sabuni ya unga yaliwaka buluu kuliko almasi yoyote. Kola zikawaka, leso zikawaka, meno yakawaka. Mzee akatabasamu kwa fahari, na katikati ya tabasamu pakawa peusi tii.

"Mzee," Mama akasema, "meno ya mbele yameenda wapi?"

Mzee akajifunika mdomo kwa kofia. "Yapo," akajibu ndani ya kofia. "Ni ya kununua. Hayawaki."

Mama alicheka mpaka akashika kaunta. Akamvuta nje, akamwamuru ayatoe, akayageuza kiganjani akiyakagua kwa makini.

"Haya yana rangi nzuri," akasema, akamrudishia.

Walifunga ndoa kabla ya mvua ya masika. Siku ile ya baa, hata hivyo, tulichelewa kuondoka, maana kiongozi wa kwaya alikuwa bado ndani, akimsihi mhudumu awashe tena aone kama slipu yake, ile nguo ya ndani, ilikuwa imechungulia chini ya gauni.