Kocha Aliyeuliza Mara Moja

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, wala sihitaji kufumba macho ili niione. Ilikuwa kiangazi, mavuno yamekwisha, na uwanja wa Endasak ulikuwa vumbi tupu. Tulikuwa tunacheza na Masakta. Upepo wa mlimani ulikuwa unateremka kama kawaida yake ya alasiri, golikipa wao akipiga mpira mbele unamrudia mwenyewe. Nami nilikuwa kijana wa umri wako, Paskalina, nahodha wa timu, jezi namba kumi mgongoni, na kichwa kikubwa kuliko huo mpira.

Nakusimulia haya kwa sababu mama yako ameniambia habari zako. Timu ya wanawake ya mjini imekupigia simu, inakutaka kwa ajili ya mguu wako wa kushoto: upige faulo, upige kona, na muda mwingi ukae benchi. Umewajibu hapana. Mama yako alipokuuliza kwa nini, ukamwambia, "Watarudi tu wenyewe." Maneno hayo yameninyima raha tangu jana. Basi vuta kigoda ukae. Na hiyo simu iweke chini kidogo, ng'ombe wamekwisha kunywa na hakuna anayetufukuza.

Mimi kupiga mpira sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nachunga ng'ombe wa babu yako. Walipojipanga kunywa maji bwawani, nilisimama nyuma yao na mpira wangu wa matambara na kamba za katani, nikaupitisha juu ya migongo yao udondoke ng'ambo. Ukimgusa ng'ombe mmoja tu, anashtuka, wenzake wanamfuata, na jioni babu yako ananiuliza kwa nini mifugo imerudi na kiu. Fimbo yake ilikuwa mwalimu mzuri sana wa shabaha. Nilipokua, nikawakuta wanaume wamejipanga mbele ya goli, wameziba sehemu zao kwa mikono, sikuona tofauti kubwa, isipokuwa wao hawana pembe. Upepo nao nilikuwa naujua. Nilikuwa nalenga nje ya mwamba wa goli, halafu naacha mlima urudishe mpira ndani.

Ndivyo nilivyofanya siku ile. Tulipata faulo mwishoni kabisa, nikapiga, watu wakaona mpira unakwenda mbugani, kisha ukapinda na kuingia golini. Mechi ikaisha. Watu walikuwa bado wananibeba alipokuja mgeni mmoja aliyekuwa ameegemea pikapu tangu kipindi cha kwanza. Alikuwa kocha wa timu moja kubwa ya mjini, mtu wa mbali kwa lafudhi yake, amepita kwetu kutafuta wachezaji. Waliponishusha, pembeni yangu alikuwa amesimama mjomba wangu Hhando, kaka wa mama yangu. Kocha akamsalimu kwanza, "Shikamoo mzee," mjomba akaitikia, "Marahaba," ndipo akanigeukia mimi.

"Kijana, mbio zako ni za kawaida," akasema. "Wanaokimbia kama wewe ninao wengi. Lakini mguu wa namna hiyo sina. Nakutaka kwa faulo na kona. Utaanzia benchi, dakika za mwisho nitakuingiza. Unasemaje?"

Hapo inabidi nikueleze habari za mjomba Hhando, maana wewe hukumkuta. Alikuwa mtu wa mshale. Siku hizi mambo hayo yanapungua, lakini wakati ule mgonjwa aliyeishiwa nguvu, au mama aliyetoka kujifungua, alichanganyiwa maziwa na damu ya ng'ombe aliye hai. Damu hiyo hutolewa kwenye mshipa wa shingo, kwa mshale wenye kizuizi cha mti karibu na ncha usije ukazama. Ukikosea, mnyama wa watu anakufa. Mjomba hakukosea. Aliitwa kutoka Masakta, kutoka Gehandu, mpaka huko juu Mbulu. Anafika, anakaa pembeni, anasubiri. Anapiga mshale mmoja. Kisha anakunywa chai na kurudi kwake. Mwenyewe alikuwa na ng'ombe wachache, na vijana tulimtania kwa siri kwamba ameoa upinde.

Mimi nilikulia kwenye maneno hayo. Kwetu mwanaume anayekaa pembeni ya boma la mwenzake akingoja kuitwa ni mwanaume asiye na ng'ombe wake. Kwa hiyo kocha aliponiambia benchi, nilimwona mjomba, na nikaona haya ya kufanana naye. Nikasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mimi siyo mtu wa mshale mmoja. Sitakaa pembeni kama mjomba wangu huyu ningoje kuitwa. Tafuta mwingine."

Watu wakacheka. Wengine hawakucheka. Mjomba aliangalia makatambuga yake miguuni, akarekebisha shuka begani, akaondoka taratibu akipita katikati ya uwanja. Nilimwona mgongo mpaka alipofika kwenye mashamba.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako sijamwambia. Mimi sikuwa nimekataa. Unajua posa za kwetu. Wakija mara ya kwanza hawapewi jibu la maana, wanarudishwa. Wakija mara ya pili, wanasikilizwa. Mwenye nia hurudi, na mzee akimkubali mtu siku ya kwanza, majirani wanaanza kuuliza binti ana kasoro gani. Nikadhani na mpira ni hivyohivyo. Nilitegemea kocha ataulizia nyumbani kwetu, atamtafuta mzee wa kumsindikiza, atakuja kuzungumza na baba, na mimi nitainamisha kichwa na kukubali kama mtu aliyebembelezwa. Kocha alinipa mkono, akasema, "Sawa kijana, nimekuelewa." Nikafurahi moyoni, nikasema kumbe mtu huyu anajua mila.

Asubuhi yake nilioga, nikavaa shati la kwendea kanisani, nikamwambia mama aache maziwa kidogo, kuna mgeni. Nikakaa mahali barabara inapoonekana. Pikapu ikaja kweli, na vumbi lake. Ilipofika usawa wa kwetu haikupunguza mwendo. Nyuma alikuwa amekaa Amsi, rafiki yangu tuliyecheza naye timu moja, amekumbatia mfuko wa nailoni wenye nguo zake. Akanipungia, nami nikampungia. Nikaendelea kukaa palepale, mwanangu, nikidhani gari linakwenda kugeuza.

Amsi alikuwa anapiga mpira vizuri, lakini si kama mimi, na yeye mwenyewe alikuwa anasema hivyo. Baadaye nilisikia kocha alishinda siku ileile nzima Katesh akitengenezewa gari. Baiskeli ya baba ilikuwepo, na Katesh si mbali. Sikwenda. Nilisema, mimi ndiye ninayehitajiwa, kwa nini niwafuate? Mkataa pema, pabaya panamwita, nami niliitikia kwa sauti nzuri.

Baada ya hapo mjomba Hhando aliniita nimbebee kibuyu, tukaenda Gehandu. Nilidhani amesahau. Pale palikuwa na mama aliyejifungua kwa taabu, amelala hana nguvu hata ya kumshika mtoto, na mume wake alikuwa anazunguka boma kama amepoteza kitu. Tulikaa sana. Hakuna aliyezungumza na mjomba. Mtamba wao mmoja, mzuri, ndiye pekee aliyekuwa na afya ya kutolewa damu, na nyumba nzima ilikuwa inaogopa. Walipokuwa tayari wakamfunga kamba shingoni, mshipa ukavimba. Mjomba akasimama, akaupapasa kwa kidole gumba, akarudi nyuma kidogo, akavuta upinde. Damu ikaingia kwenye kibuyu. Kamba ikalegezwa, pakapakwa samadi mahali palipotoboka, na mtamba akaenda zake kula majani. Yule mume alimshika mjomba mikono yote miwili.

Tukiwa njiani kurudi ndipo mjomba aliposema. Hakupandisha sauti.

"Ni kweli ng'ombe wangu ni wachache," akasema. "Lakini tangu ujana wangu watu hawajaacha kuja kuniita. Wewe umeitwa, ukakataa. Unafikiri kuitwa ni jambo dogo. Wapo watu wanakufa wakiwa na maboma yaliyojaa, na hawajawahi kuitwa popote kwa jambo ambalo wao ndio wanaliweza."

Akapunguza mwendo. Njia ilikuwa ndefu, na leo najua alikuwa ananiachia nafasi. Neno la kumwomba radhi lilikuwa limefika mdomoni. Nikasema, "Jua kali leo, mjomba." Akajibu, "Ndiyo, ni kali."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika. Lilikaa tu bila kazi, mpaka likazeeka. Nilicheza Endasak misimu michache zaidi, tukiwapiga Masakta, wao wakitupiga, kisha nikaoa na jembe likachukua nafasi ya mpira. Sijutii jembe, limewasomesha ninyi. Ninajuta kwamba sitajua kamwe ningefika wapi.

Amsi alirudi likizo baada ya miaka, amenenepa kidogo, anaongea kama mtu wa mjini. Alianza kwa kona tu, akiingizwa mechi zikikaribia kuisha. Akiwa pale benchi alitazama, akajifunza kukaba, akajifunza kupumua, mpaka akawa anaanza mechi. Aliingia kwa mlango mdogo akaikuta nyumba nzima. Siku hizi anafundisha vijana. Tulikaa naye hapahapa, akaniambia kocha alimuuliza habari zangu njia nzima siku ile. "Alisikitika sana," Amsi akasema. "Nilimwambia wewe ndivyo ulivyo, arudi tu akuulize tena. Akasema, nimemuuliza mtu mzima, amenijibu hapana mbele ya watu. Mimi ni nani nimlazimishe?" Kwao, mwanangu, kurudi kumwuliza mtu aliyekataa ilikuwa ni kumkosea heshima. Alikuwa ananiheshimu. Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Lakini hata hilo la mpira lina nafuu. La mjomba halina. Mama yangu ndiye aliyeniambia, mjomba akiwa amekwisha kufa, kwamba alitaka kunifundisha mimi mshale. Aliona shabaha yangu ya mpira, akasema jicho hili ni la ukoo wetu. Hata siku ile alikuja uwanjani kwa ajili hiyo, kunitazama. Baada ya yale niliyomwambia hakulitaja tena. Na mimi, nikijua nimemkosea, nilikuwa nangoja aanze yeye. Nilisema siku akilizungumza, nami nitaomba radhi. Tulikuwa tunasalimiana, shikamoo mjomba, marahaba mjomba, mvua ikanyesha mwaka huu na mwaka ule, kila mmoja akingoja. Akafa kipindi cha masika. Upinde wake alikuwa amempa mtu wa Mbulu, si ndugu yetu. Nilimwaga udongo kaburini kwake nikiwa na neno moja ambalo halikuwa na pa kwenda. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga mara mbili, kibuyu kilekile cha kiburi.

Kwa hiyo nasaha yangu siyo ndefu. Kwanza, usidharau kazi kwa sababu ni ya mara moja. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na wewe ubawa wako ni huo mguu wa kushoto. Anayekuita kwa jambo moja unaloliweza kuliko wengine amekuona vizuri, hajakuonea. Benchi siyo aibu. Ukikaa hapo, tazama mchezo. Jambo jingine, usiseme hapana ukitegemea kubembelezwa. Huku kwetu tutakuelewa, lakini dunia si yote kwetu. Wako watu wanaosikia hapana na kuiamini. Na ukimkosea mtu usingoje aanze yeye, hata kama ni mdogo wako, hata kama ni mimi.

Mimi baba yako nina sehemu yangu katika hili. Ulipowakatalia wale, nilitembea mpaka dukani nikawasimulia wazee jinsi binti yangu alivyo na msimamo. Kiburi hicho hukukiokota njiani, umekinyonya hapa nyumbani. Nisamehe kwa hilo. Nimeona nikuombe leo, kabla hujaniuliza.

Haya, chukua simu yako. Huyo mama kocha aliyekupigia mwambie ulivyojibu na ulivyofikiri baadaye. Huenda wamekwisha kumchukua mwingine, sikufichi. Kama ni hivyo, basi utajua, wala hutakaa barabarani na shati la kanisani. Mimi natoka, nitakuwa kule kwa ndama, ili uzungumze bila kunitazama usoni.

Mungu akutangulie, mwanangu. Uende kwenye ubaridi, uende kwenye majani mabichi, kama wazee wetu wanavyobariki. Wakikuita, mguu wako usitetemeke. Wasipokuita, moyo wako usikauke. Na neno jema likifika mdomoni mwako lisigeuke kuwa habari za jua.